Jepkoech Hapandi Darasa

Musimbi wee! Ya Mwalimu Sydney umesikia? Leo tumefunga shule, na hii Novemba ya 1995 hataisahau!

Mwalimu mkuu ametangaza darasa la nne lote linapanda la tano. Tukapiga makofi. Mara mzazi mmoja, Priscah wa kule Lugari, akasimama. "Jepkoech wangu hapandi."

Hapandi! Mama mzazi!

Sydney, aliyemfundisha tangu la kwanza, akacheka. "Mama, huyu anasomanga vizuri sana." Akampa mtoto kitabu cha Kiswahili. Mtoto akasoma bila kukwama, Sydney akavimba kichwa.

Priscah akakishika kile kitabu, akakipindua kichwa chini mikononi mwa bintiye. "Endelea."

Akaendelea! Musimbi, akaendelea! Neno kwa neno, kumbe amekikariri chote!

Miaka yote hiyo Sydney hakuwahi kumwonyesha neno moja na kumwuliza, "Hili ni nini?"

Mtoto hata hakuelewa. "Mwalimu, niendelee?"

Sydney akachuchumaa mbele ya wazazi wote, akakigeuza kitabu, akaweka kidole kwenye neno la kwanza. "Ngoja. Tuanze hapa."

Watu wametawanyika, Musimbi. Hao wawili bado wako pale.