Kitufe cha Redio ya Coy Trexler

Bi. Maxine mpendwa,

Sijamwambia mtu yeyote, hata mama: mimi ndiye niliyemjibu Nadine Trexler kwenye masafa ya redio ya marehemu mumewe. Nasoma ushauri wako gazetini kila wiki; naomba unisaidie kabla sijaharibu zaidi.

Nimemaliza shule mwezi wa sita na si mwongeaji. Coy Trexler ndiye dereva pekee wa mbio za magari aliyenisalimia kila Jumapili, akitoa mkono nje ya dirisha la gari lake lililobonyea pande zote. Siku moja alinisainia kofia, nikashindwa hata kusema asante. Akacheka, "Usijali, mdogo wangu, mimi nina maneno ya watu wawili." Alikufa masika haya alipogonga ukuta, kona ya tatu, na uwanja wetu haujapata mwingine wa kuyapita magari upande wa ndani wa kona vile bila kumgusa mtu.

Nadine ndiye aliyekuwa macho yake. Alisimama juu ya paa la jukwaa na kumwambia kwa redio ya mawasiliano kama kuna gari pembeni yake au njia ni wazi: "Ndani. Bado ndani. Kweupe!" Kwenye kona Coy hakuwa na nafasi ya kuongea, kwa hiyo alibonyeza kitufe mara mbili tu, tk-tk, maana yake nimesikia. Tangu afe, madereva wakizunguka polepole kabla ya kuanza huacha nafasi yake ya mbele wazi, na Nadine hupanda paani na kuiongoza nafasi ile tupu. Mimi namsikia kwa sababu mjomba wangu alikuwa akimbadilishia Coy matairi na akanipa redio yake ya zamani ya masafa yaleyale, na Jumapili moja Nadine akauliza, "Umenisikia, mpenzi?" akanyamaza, akauliza tena, na ule ukimya sikuuweza, Bi. Maxine, nikabonyeza mara mbili.

Akasema, "Haya basi, mzee wangu."

Nikaendelea kila Jumapili. Sasa alikuwa ahamie kwa dada yake Tennessee, na ameghairi. Kwenye foleni ya karanga za kuchemsha mjomba alimtania, "Nadine, bado uko hapa? Dada yako atakula nyama choma ya huko peke yake!" Akamjibu bila kucheka, "Siwezi kuondoka huku mtu wangu bado yuko kazini."

Jumapili iliyopita niliamua kuacha. Niliweka redio mapajani, nikakalia mikono yangu yote miwili. Nadine akauliza. Ikajibu. Tk, halafu ya pili ikavutwa kidogo, kama alivyofanya yeye. Nadine akacheka kwa sauti ya chini, akasema, "Leo ndiwe wewe. Siku zile ulikuwa na haraka."

Silali vizuri. Nimwambie, au ninyamaze? Nakuomba, siri hii ibaki kwako, usimwambie mtu.

Shabiki wa kona ya tatu

*

Binti yangu,

Ulifanya kwa huruma, naamini. Lakini ulijivika sauti ya mume wa mtu, na mjane ameghairi safari kwa ajili ya kidole chako. Huo si upendo kwa Coy. Angekuwa hai angekufokea mbele ya jukwaa zima.

Na acha kudhani umemdanganya. Mwanamke aliyekuwa na mtu huyo sikioni miaka yote anakijua kidole chake. Soma tena alichosema Jumapili. Alijua kuna mwingine, ila hajui ni nani, na hilo linamkosesha usingizi kuliko wewe.

Nenda nyumbani kwake mchana. Mjomba akupeleke hadi getini, asiingie. Useme mwenyewe, hata kama si mwongeaji, kisha umwachie redio. Akikufukuza, ondoka. Akikuuliza ni ngapi zilikuwa zako, sema kweli. Ile ya Jumapili iliyopita usiieleze. Huenda kuna shabiki mwingine mpumbavu mwenye redio. Huenda hakuna. Nimekaa na barua yako jikoni siku nzima na redio yangu nimeizima, zaidi ya hapo sijui, wala sitajifanya najua.

Umeniomba siri. Jina lako nimelificha na majina ya wengine nimeyabadilisha. Lakini wilaya hii ina mjane mmoja tu anayepanda paani Jumapili, na gazeti hili huletwa mlangoni kwake asubuhi kama linavyoletwa kwako. Unaposoma hapa, naye anasoma.

Vaa viatu, uende sasa.

Maxine