Mjumbe Analia Mlangoni

Alhamisi, katikati ya Julai. Ukungu haujainuka tangu asubuhi na migomba ya jirani siioni. Nimevaa makoti mawili. Paka nimemvika sweta la mtoto, nimemlaza kwenye boksi la sabuni karibu na jiko la mkaa, na bado anatetemeka.

Amekataa kula tena. Juzi alilamba supu ya samaki kidogo. Jana maji tu. Leo nimemdondoshea supu mdomoni kwa bomba la sindano, nusu ikamwagikia kidevuni. Jicho la kushoto limefunga utando, masikio hayasikii. Ana miaka kumi na minane. Bwana mifugo hakuamini mpaka nilipomwonyesha picha ya zamani ya mjukuu wangu Atupele, akiwa mtoto wa miaka miwili, amembeba paka huyu kichwa chini.

"Figo zimechoka, Mwalimu," akasema. "Hapa ni kumtunza tu."

"Mimi nami daktari kaniambia hivyo hivyo kuhusu moyo."

"Basi mtunzane."

Jirani yangu Mama Lusajo, anayenipikia mchana tangu miguu ilipoanza kunivimba, hana upole huo. "Mwe, Mwalimu! Mtu mzima na elimu yako unafua vitambaa vya mkojo wa paka?" Nikamwambia mimi pia naamka mara tano usiku. "Wewe umesomesha watoto wetu," akasema. "Yeye kamsomesha nani?" Alipoondoka nikakuta ameacha dagaa kwenye jani la mgomba, pembeni ya boksi.

Nacheka naye, lakini sijawahi kumwambia kwa nini namng'ang'ania paka huyu.

Ndiye shahidi pekee aliyebaki.

Alimleta Tusekile, mke wa mwanangu Gwakisa, mama yake Atupele. Alimleta akiwa mdogo wa kuenea kiganjani, mwaka uleule alioanza kuishi uwanjani kwangu, yeye na mume wake katika nyumba yao, mimi mgane katika yangu. Kwetu mke wa mwana hamtazami baba mkwe wake. Hatamki jina lake. Hawasemezani, hawagusani, hawakai chini ya paa moja. Akimwona anakuja njiani, anaingia migombani mpaka apite. Darasani nilikuwa naisema vibaya mila hiyo. Nyumbani kwangu niliiacha iendelee, na nikiwa mkweli, niliipenda. Nilipenda kuona mtu ananipisha njia.

Tusekile alitafuta mwanya. Akampa paka jina la Mjumbe, akawa anaongea naye kwa sauti ya kufika kwangu. "Mjumbe, mwambie mzee chakula kiko kwenye kigoda." Nami nikiwa barazani namjibu paka: "Mjumbe, mwambie ndizi za leo zimeiva vizuri, ahsante." Mjumbe wetu wa nyumba kumi alipopata habari kwamba paka ana cheo chake, alinuna mwezi mzima. Nilimsikia Tusekile akicheka jikoni kwake. Sura yake siikumbuki vizuri. Kicheko nakikumbuka.

Sasa niandike lile nililofungulia daftari hili la mtandaoni leo.

Ilikuwa miaka ile maduka ya Tukuyu yalipoanza kujaa bidhaa, na kila mwenye pikapu akawa mnunuzi wa ndizi. Gwakisa alikuwa amepunguzwa kazini, akawa anashinda Kiwira akiuza mitumba. Tusekile alikuwa na mimba ya pili, miezi saba. Siku hiyo wanawake wote wa jirani walikuwa wamekwenda Ikuti msibani, na Mama Lusajo alimbeba Atupele mgongoni ili mama yake apumzike. Tulibaki watu wawili uwanjani, na paka. Mvua ilianza saa nane mchana.

Nilikuwa barazani nasoma gazeti. Mjumbe akaja amelowa, akalia, akarudi jikoni. Akaja tena. Mara ya tatu aliacha nyayo kwenye sakafu yangu ya saruji, nyekundu. Nilijiambia ni tope.

Tope la Rungwe ni jeusi. Nimelima hapa maisha yangu yote.

Nikamfuata mpaka kwenye mlango wa jiko la Tusekile. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Niliona mguu, na kanga. Akasikia hatua zangu. Hata wakati ule hakuniita mimi.

"Mjumbe," alisema, "mwambie mzee damu haikatiki."

Nikajibu nikimtazama paka. "Mjumbe, mwambie wanawake wako njiani."

Hawakuwa njiani. Nilikuwa nimesimama chini ya mchirizi wa paa, maji yananiingia shingoni, nikisema uongo kwa paka. Pikapu ya ndizi ikapita barabarani. Ingeweza kumfikisha hospitali. Lakini ili aingie kwenye pikapu ilibidi mtu ambebe, na mtu alikuwa mimi tu. Niliinua mkono nisimamishe gari. Nikaushusha.

Akaniagiza mara mbili nyingine kupitia Mjumbe. La mwisho lilikuwa, "Mwambie sikasiriki." Sijui alilisema kwa heshima, au alikuwa ananisamehe, au alikuwa anaogopa nitaondoka. Miaka yote hii nimeligeuza neno hilo na halijawahi kulala upande mmoja.

Nilipoacha kumsikia nilirudi barazani. Nikachukua kitambaa, nikafuta nyayo za paka. Kisha nikaenda kusimama kwenye shamba langu la chai, na wanawake waliporudi jioni wakaanza kupiga mayowe, nilikuja mbio kutoka huko.

"Nilikuwa kwenye chai. Sikusikia kitu." Hayo ndiyo niliyomwambia Gwakisa. Aliniamini mpaka naye akafa. Hayo ndiyo niliyomwambia Atupele alipokua na kuuliza.

Ningesema ukweli siku ile, wazee wenzangu wangenielewa. Wangesema mkwe ni mkwe, angefanyaje. Hakuna ambaye angenilaumu, na hilo ndilo lililonitisha. Mimi ndiye niliyewaambia watoto wao kwamba ile mila ni ujinga. Ningekubalije kuonekana nimeitii mpaka mtu akafa mbele yangu? Basi nikajificha kwenye chai.

Tangu mwezi uliopita, Mjumbe ameanza jambo jipya. Kila mchana, saa ileile, anajikokota kutoka kwenye boksi, miguu ya nyuma ikipishana, anavuka uwanja mpaka kwenye mlango wa lile jiko. Siku hizi ni stoo ya kuni. Anakaa hapo analia, sauti nene ambayo hakuwa nayo ujanani. Bwana mifugo anasema paka wazee hupotewa na akili, hawajui walipo. Mimi naona anajua. Kila siku namfuata, namwokota, namrudisha. Sivuki kizingiti. Sijawahi kukivuka.

Leo alipofika mlangoni hakulia. Hakuwa na nguvu. Alinitazama kwa jicho lake moja zima, akaingia ndani.

Nikaingia.

Ni chumba kidogo. Nilikuwa nakiogopa kama pango, kumbe hatua nne kutoka mlangoni hadi kwenye mafiga. Hatua nne. Mjumbe amejikunja penye mafiga, nimemfunika koti langu moja. Nimevuta kigoda, kompyuta iko magotini. Mama Lusajo amechungulia, ametuona. Amekwenda kuleta makaa.

Paka anapumua kwa kukatakata. Sidhani kama ataiona Jumapili. Nami baada yake si wa kukaa sana.

Atupele, mjukuu wangu, ulinifungulia ukurasa huu Krismasi ili niandike vituko vya shule za zamani, na kila ninapoandika unanipigia simu jioni kunicheka jinsi ninavyoweka koma. Mama yako hakufa peke yake kama nilivyokuambia. Nilikuwepo, hatua nne. Hayo maneno sikutaka yapitie kwa paka tena, ndiyo maana nakuandikia wewe moja kwa moja.

Sasa nabonyeza. Simu nimeiweka hapa juu ya figa.

Ukipiga, nitapokea. Usipopiga, nitajua umesoma.