Kidude Kisicho na Mwenyewe

Jumapili, Kipini. Joto la leo halina huruma, hata kuku wa jirani wamejibanza ukutani wakihema. Nimekaa kibarazani kwa Mama, macho yamenivimba, kichwa kinagonga. Shajara yangu, tangu jana nalia mbele za watu na sioni haya hata kidogo.

Mama yuko edani. Baba ametutoka, na eda yenyewe haijafika nusu. Anakaa chumbani na nguo zake nyeupe, wageni wanaingia na kutoka, anaitikia salamu, basi. Sahani inaingia, sahani inatoka vilevile ilivyoingia. Kaka yangu Athumani, anayeishi naye, hunipigia simu Garsen ninakoishi kila siku kuniambia neno lilelile: Mama hajala.

Hilo ndilo linaloninyima raha. Afadhali angepiga mayowe nyumba nzima isikie. Lakini anakonda mbele yetu, kimya, na ukimsihi anakwambia, "Nimeshiba, mwanangu." Umeshiba nini, Mama?

Nyumba hii haijazoea ukimya. Baba alikuwa tarishi wa ofisi ya serikali enzi zile, na alipostaafu, kazi yake ikawa kuzungumza. Alizungumza na redio, na paka, na wapita njia, na Mama akimjibu kutoka jikoni. Jina la Baba, Mama hakulitaja maisha yake yote. Akimwita alimwita Baba Athumani. Akituambia sisi habari zake alimwita "mwenyewe". Mwenyewe amelala, wateni kelele. Huyo samaki msimguse, ni wa mwenyewe. Wageni walikuwa wakicheka, sisi tumekua nalo.

Tangu tumzike, hata hilo "mwenyewe" halikuwa limemtoka mdomoni.

Basi mimi, fundi wa cherehani nisiyejua kukaa tu na huzuni, nikasema lazima nifanye kitu. Nikawaza kumtafutia kidude cha kusikiliza, kile kidogo cha kutia mfukoni, nikijazie Kurani na mawaidha ili chumba kipate sauti. Redio ya Baba kaka ameifungia kabatini, maana inapiga nyimbo, na kwetu nyumba ya eda haipigwi nyimbo. Simu ya Mama ni kabambe, ile ndogo ya vitufe, na kila saa inaita watu wakimpa pole. Sura ingekatwa katikati.

Karibu na cherehani yangu pale Garsen kuna duka la simu la Yusuf, Msomali mpole lakini mdomo anao. Nilienda nikichagua kwa macho, nikanyakua chenye kioo kikubwa cha kung'aa. Yusuf akaniuliza, "Abaayo, dada yangu, ni chako au ni cha mama?" Nikamwambia cha mama, yuko edani. Akanipokonya. Akanipa kingine, kibaya cha sura, chenye vitufe vinene vilivyoinuka. Akaniambia nifumbe macho nikitafute kitufe cha kuwasha.

Nilikipata mara ya kwanza. Kile cha kioo nilikipapasa kama mtu aliyeangusha sindano.

Basi ewe unayesoma hapa na unataka kumnunulia mzazi wako, fumba macho kwanza. Kisha angalia kinachajiwa na waya gani. Hiki kinatumia uleule wa kabambe ya Mama, kwa hiyo hakuna kitu kipya cha kupotea chini ya kitanda. Uliza pia kama kinaanzia pale ulipoishia, maana kuna vingine ukivizima tu vinarudi mwanzo, na mtu mzima atasikiliza sura moja hadi achoke. Spika iwe ndani yake. Mama hawezi kuziba masikio na wageni wako mbele yake.

Na ufute vilivyomo! Changu kilikuja na nyimbo za harusi. Nikifikiria zingelilia mle chumbani, mwili unanisisimka.

Sasa nifike kwenye lililonitesa. Baba hakuwahi kuniandikia ujumbe. Alinitumia sauti. Kwenye simu yangu zimejaa, na zote zinaanza kwa kukohoa, kisha "Mwanangu, ni babako hapa," utadhani kuna mwingine angeweza kunikoholea vile. Nilitaka kuzitia humo. Nikamuuliza kaka kwanza, maana ndiye mkubwa, na akaruka. "Sauti ya marehemu kwenye chumba cha eda? Utamtonesha kidonda, hatanyanyuka tena." Nilimsikia na sauti yake ilivyotetemeka. Sikumbishia. Hata mimi, tangu msiba, sikuwa nimethubutu kufungua hata moja.

Nikajaza Kurani peke yake. Nikakituma Kipini kwa mtu ninayemwamini, nikakaa nikisubiri dua za mama.

Siku ya kwanza kaka akapiga: kidude kimekufa. Nilikasirika na Yusuf bure. Kumbe ubavuni kina kifungo kidogo cha kufunga vitufe visijibonyeze, na kaka alikisukuma alipokuwa akikifuta vumbi. Kikafunguliwa, kikasoma. Siku iliyofuata nikampigia Mama mwenyewe, nikamuuliza kama kimempendeza.

"Kizuri, mwanangu," akasema. Kisha akaongeza: "Lakini hakina mwenyewe."

Niliumia, wacha nikwambie. Nilisikia ananikatalia zawadi, kwamba kidude ni cha kuokota, hakitaki, apewe yeyote. Nikamjibu kwa ukali, "Kina mwenyewe, Mama! Ni chako!" Akasema, "Haya." Simu ikakatika.

Nilinuna. Nilishona sare za shule nimenuna, mishono ikaenda kombo, nikafumua. Nikawa naongea peke yangu kama Baba. Mtu unajinyima, unatafuta, unachagua umefumba macho, halafu unaambiwa hakina mwenyewe. Jirani aliponiuliza nimeudhiwa na nani, nilimwambia ni uzi.

Jana asubuhi akaja mama mmoja wa Idsowe, mteja wangu. Akaliona gauni nimelitundika mlangoni, akalishika pindo, akauliza, "Hii iko na mwenyewe?"

Nikalitundua gauni nimwonyeshe. Neno likanigonga.

Mwenyewe.

Yule mama akadhani nimeshikwa na kizunguzungu, akanivutia stuli. Nilikuwa nalia na gauni la watu mkononi. Mama hakuwa akikataa zawadi, jamani. Alikuwa akiniambia amekisikiliza kidude chote, sauti zote, na Baba hamo. Neno alilolifungia moyoni tangu mazishini alilitoa kwangu mimi, kwa simu, na mimi nikamgombeza. Mimi niliyelelewa na neno hilo! Garsen imeniharibu masikio. Nimezoea kuulizwa nguo za watu.

Nilifunga cherehani nikakimbilia kwa Yusuf. Ikaonekana sauti za simu hazifunguki kwenye vidude hivi mpaka zigeuzwe kwanza kwa kompyuta. Akazigeuza moja moja, akazitia kwenye kadi nyingine ya kumbukumbu, mahali pake, mbali na Kurani zisije zikachanganyika. Zilipokuwa zinajaribiwa nilisimama nje ya duka. Yusuf aliniletea kadi mkononi, macho chini, akasema tu, "Allah amrehemu mzee."

Leo nimefika hapa kabla ya adhuhuri. Kaka nilimwambia mlangoni, sikutaka kumzunguka. Nilimweleza maana ya maneno ya Mama. Aligeuka akaenda uani.

Nikaingia kwa Mama. Nikapiga magoti, nikamwomba radhi, nikabadilisha kadi, nikaweka kidole chake juu ya kitufe. Nikamwambia, "Mwenyewe yumo."

Akabonyeza.

Baba akakohoa. "Mwanangu, ni babako hapa." Akaanza habari zake, paka amezaa ndani ya kofia yake ya sala, hajui ataenda msikitini na nini, na Mama anamcheka. Alipomaliza alisahau kuinua kidole, kama kawaida yake, na simu ikaendelea kunasa. Masufuria yakasikika. Kisha sauti ya Mama kutoka jikoni, yenye nguvu, yenye kelele: "Baba Athumani, ndoo ule! Wali wapoa!"

Kule Garsen wananicheka nikisema ndoo badala ya njoo, wanauliza ndoo ya maji au ya nini. Leo lilipita masikioni mwangu kama maji ya kunywa.

"Siji," Baba akajibu, "mpaka nawe uketi. Mimi na kula peke yangu wapi na wapi?"

Hapo ikakatika.

Nilimwogopea Mama. Kweli niliogopa, nikajua kaka alisema haki. Alikishika kidude kwa mikono miwili, machozi yanamtiririka bila sauti. Mlangoni kulikuwa na kaka, sijui amesimama tangu lini, kiganja mdomoni.

"Mwenyewe hakuwa akila peke yake," Mama akasema. Akajifuta uso kwa upindo wa mtandio. "Nami naletewa sahani moja."

Ya Rabi. Tumemletea sahani moja tangu siku ya mazishi. Tumeiweka mbele yake, tukatoka kwa heshima, tukafunga mlango.

Kaka ndiye aliyekwenda jikoni. Alirudi na sinia, wali na mchuzi wa nazi, akaliweka juu ya mkeka, akaketi. Mimi nikaketi. Mama akanawa. Hakula sana, sitaki kujidanganya. Lakini alikula, na akanisukumia mimi kipande cha samaki akisema nimekonda. Nimekonda mimi!

Sasa Mama yumo ndani, anajifunza kurudisha nyuma. Namsikia Baba akikohoa, anakatika, anakohoa tena. Kaka ameshasema chakula chote kuanzia leo kitakuwa cha sinia, atakayekuwepo aketi.

Kesho narudi kwenye cherehani yangu. Kidude nakiacha hapa kando ya mto wake. Kina mwenyewe.