Ndoo Nayo Imeitwa Baba

Nyumbani kwa Mama,
Meza ya jikoni,
Jumapili, nguo zikiwa kambani.

Mpendwa kitindamimba wetu,

Salamu nyingi zikufikie huko ugenini. Mgongo wako umetulia? Sisi tu wazima, ila goti la Mama, ambalo hutabiri mvua na kukosea.

Wifi yangu ananiambia hujapiga simu tangu uliposikia kwamba Bosi, mwanao, alimwita fundi bomba "baba". Ni kweli, alimwita, nilikuwepo. Fundi alichomoa kichwa chini ya sinki, akasema, "Jamani, mimi nimeitiwa koki tu!" Mama alicheka hadi akatafuta kiti. Mkeo hakucheka, na tangu uliponuna simu haimtoki mkononi.

Kwa kuwa kazi yangu ni kuwasaidia watoto waliochelewa kusema, niruhusu nijigambe kidogo. Bosi hasemi bado, anazoeza taya. Mwanzoni alikuwa na "aaa" na "uuu" tu. Kisha akagundua midomo, akatunyunyizia mate sote bila ubaguzi. Sasa taya linapanda na kushuka, midomo inakutana, sauti inapita: ba-ba-ba. Ulimi wake ungali abiria. Unakwenda taya linakokwenda. Utakapojifunza kutembea peke yake, ndipo tutasikia mengine.

Kwa hiyo fundi si mshindani wako. Ndoo ya bluu imeitwa "baba" mara nyingi kuliko yeye, na ufagio vilevile. Kama ni wivu, anza na ndoo.

Tena una bahati. Lugha yetu imewagawia ndugu silabi nyepesi: baba, mama, dada, kaka, bibi. Nani kaachiwa sh, ng na z kwa mpigo? Mimi. Kila asubuhi namfundisha Bosi "sha-nga-zi", naye hunitazama kwa huruma. Mama alinikata maini: "Mwanangu, jina lako lataka meno. Huyu anayo mawili."

Nadharia yangu ilisimama imara hadi jana. Mkeo alifungulia ujumbe wako wa sauti wa zamani, ule wa kulalamikia soksi zilizopotea. Bosi alinyamaza. Akafumba midomo, akaifumbua bila sauti, akaikodolea simu macho. Ujumbe ulipokwisha, alingoja. Kisha akasema, "Ba?" Moja tu, kwa sauti ya kupanda.

Huenda ilisadifu tu. Tukio moja halithibitishi jambo, na mwanafunzi wangu angedai vinginevyo ningemkemea. Lakini ndoo hajawahi kuingojea imjibu.

Basi piga simu, ndugu yangu. Kununa kwako kunamwadhibu asiyejua kosa.

Mama anakusalimu, na goti lake. Mkeo anakusalimu pia, ingawa hakunituma. Fundi bomba anaapa koki haivuji tena. Mungu akulinde na akurudishe ukiwa mzima, pamoja na soksi zako.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
ningali nasubiri meno yaote,

Shangazi wa Bosi.