Pumzi Niliyopuliza kwa Jina Lako

Kulwa,

Mama hajambo? Mguu wake umepona? Namuulizia yeye. Wewe sina haja ya kukuulizia, maana sauti yako ya Jumapili ilikuwa ya mtu aliyeshiba na kupumzika. Mimi huku Tarime nipo, nakohoa.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu huwa unanikatiza.

Uliniambia hivi: "Doto, likizo yangu haijaisha na mkataba unahuishwa wiki hii. Nenda kanipulizie tena, ni dakika tano tu." Kama vile unanituma chumvi dukani! Nikaenda. Nilivaa shati lako la bluu, nikachukua kitambulisho chako cha kazi, nikapanga foleni kwa mkandarasi wako wa mgodini pamoja na wenzako wa shimoni. Pacha sisi, sura moja, nani angejua?

Nesi alikuwa yule yule wa mwaka juzi. Akanibana pua kwa kibanio, akanipa mrija wa mashine ya kupima mapafu. "Kulwa, vuta hewa mpaka mwisho. Haya, puliza! Puliza, puliza, usiache!"

Pumzi ikakatika njiani. Nikakohoa mpaka machozi. Akanirudisha mara tatu, ikawa vile vile. Kisha akanitaka nipande na kushuka ngazi fupi huku akitazama saa. Hata dakika moja sikumaliza. Nikakaa chini mbele ya watu, moyo unagonga kama unataka kutoka.

Akanishika mkono, akahesabu mapigo, akafungua faili lako. "Mwaka juzi ulipuliza kuliko wote. Umeyafanya nini mapafu yako?"

Unajua nimeyafanya nini. Mwaka juzi nilikupulizia kwa kuwa pumu yako ya utotoni isingekupitisha, na uliniahidi ukishaingia utanivuta na mimi. Ukaniacha kwenye karasha, nasaga mawe makavu, nala vumbi kutwa nzima, kipande cha khanga mdomoni. Halafu ukaenda kumwambia Mama mimi ni mvivu, najifanya mgonjwa! Mama Boke, mwenye nyumba wetu, mtu baki kabisa, ndiye anayenichemshia maji asubuhi na kuniambia, "Mura, kijana wangu, hiyo kazi iache, itakuua." Wewe niliyelala nawe tumbo moja hukuniuliza hata mara moja.

Basi nikamwambia nesi, "Mimi si Kulwa. Naitwa Doto." Nikamweleza yote.

Akaenda kufunga mlango. "Na huyo mwenye pumu amekuwa akishuka shimoni muda wote huu?"

"Ndiyo."

"Mngemzika," akasema, "na sahihi kwenye faili ni yangu."

Alinigombeza, na alikuwa na haki. Msimamizi akaitwa, nikatolewa getini kama mwizi. Kazi yako imesimamishwa mpaka uje wewe mwenyewe, na kifua chako, upimwe. Usinipigie simu ukilia. Nilisema kwa hasira, sikufichi, lakini hata bila hasira ningesema. Nilikuwa nakusikia usiku unavyohema kwa shida ukitoka shimoni, nami nikanyamaza. Hilo ni kosa langu, na ndilo pekee ninalokuomba unisamehe.

Yule nesi, pamoja na ukali wake, alinifuata nje akanipa barua ya kwenda hospitali kupigwa picha ya kifua. Daktari amesema vumbi limeacha makovu kwenye mapafu. Hayatarudi kama zamani, lakini nikikaa mbali na vumbi huenda yasiharibike haraka. Karasha nimeiacha. Mdogo wake Mama Boke ana duka la dawa za mifugo Machochwe, amekubali nimsaidie kuuza. Nahamia huko kesho. Nguo zako ziko kwa Mama Boke, chumba nimekirudisha.

Msalimie Shangazi Kabula aliyetubeba wote wawili mgongoni, na mdogo wetu Shija, umwambie asidanganywe na mtu kuja kuchimba dhahabu.

Barua hii anaileta jirani yetu Masanja. Nimemwambia amsomee Mama kwanza, ndipo akukabidhi wewe.

Mama, shikamoo. Usimfukuze Kulwa nyumbani. Mpeleke akapimwe kifua, na usimruhusu arudi huku kabla hujasikia kwa masikio yako atakachosema daktari.

Kulwa, ni mimi pacha wako, maana hilo sina namna ya kulikana,
Doto