Dubwana, Roboti na Nguzo ya Ghorofa la Zambarau

Pipeline, Nairobi
Jumanne

Kwa kaka yangu Farid,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai Voi inakutunza, na kile kikohozi cha vumbi ulichoondoka nacho kimekuachia nafasi ya kulala. Huku tunamshukuru Mungu. Mimi sijambo, sauti tu ndiyo imekauka kidogo kwa sababu ya kazi. Mama naye yu mzima, anaswali, anakula, anagombana na muuza nyanya kama ilivyo desturi yake. Bado anakaa kwenye ghorofa la zambarau, chumba kile kile cha chini, penye nguzo ile uliyoipiga plasta kabla hujahamishiwa huko. Kwamba bado yumo ndani ya nyumba ile ndicho kilichonikalisha chini niandike, maana simu zangu hupokei, na ujumbe wa sauti ukisikia tu nimeanza kufoka unauzima.

Binamu yetu Zubair amenifikishia maneno yako. Alisimama mlangoni akitazama viatu vyake, akasema eti kaka anataka uombe radhi. Nirudi kwenye ukumbi wa video wa Hirad, nishike maikrofoni, niwatangazie watu kwamba yale niliyosema yalikuwa mzaha. Eti nimekuharibia jina kwa mwenye nyumba, aliyekupa kazi hapa na sasa amekupa nyingine huko, na yote hayo kwa sababu ya filamu ya kipuuzi ya dubwana na roboti, mchezo wa watoto. Zubair nilimpa chai kwa adabu kwa sababu hana kosa. Wewe ningekuwa nawe karibu, Farid, hiyo chai usingeionja.

Tuanze na filamu yenyewe, kwa kuwa umeihukumu na hujaiona. Kazi yangu unaijua, ingawa hujawahi kuisifu. Nakaa kando ya skrini, nashusha sauti ya Wazungu na Wajapani, naweka yangu. Watu wa Pipeline hawaji kwa Hirad kusoma maandishi chini ya picha. Wanakuja kusikia jambazi akipewa jina la mtu wanayemjua, na mji wa mbali ukigeuzwa kuwa soko letu na barabara yetu. Ndiyo kazi, na naiheshimu kama wewe unavyoheshimu mwiko wako wa kupigia plasta.

Sasa sikiliza. Filamu ile ina uzuri wake, na sitaki mtu aniambie haina. Dubwana halionyeshwi ovyo. Kwanza unaona maji ya bandarini yakipanda bila upepo, kisha mkia, kisha unasubiri sana hadi ukumbi mzima umeacha kutafuna njugu. Na likitembea lina uzito. Kuna filamu nyingi ambamo majitu yanarukaruka utadhani yamejazwa pamba, lakini hili likikanyaga unalihisi tumboni. Lilianza kwa kukanyaga vibanda vya wachuuzi, basi mimi nikalibatiza Kanjo hapo hapo, kama askari wa jiji wanaofukuza wachuuzi. Nikapaza sauti: "Oyaa! Kanjo ameingia mtaa! Mama mboga, beba mali, huyu hataki hongo, anataka mguu wako!" Watu walicheka hadi benchi la nyuma likavunjika. Hirad alinuna kwa sababu ya benchi, lakini alinuna huku anacheka.

Roboti nalo nililiita Mjengo, maana ni chuma na rangi ya saruji, na linaendeshwa na ndugu wawili waliovaa helmeti ndani ya kifua chake. Hawa ndugu wamekosana. Lakini ili mkono wa roboti uinuke ni lazima wote wawili wainue mkono kwa pamoja. Mmoja akisita, ule mkono unaning'inia tu, na Kanjo anawapiga atakavyo. Hilo ni wazo zuri, Farid, aliyelifikiria ana akili. Na goti la roboti linapovunjika, jinsi linavyopiga magoti taratibu huku maji ya mvua yakitiririka usoni, nilinyamaza. Sikusimulia chochote. Hata Wakoli, keateka anayelitunza ghorofa la zambarau na anayepiga kelele kuliko watoto, alikaa kimya.

Ubaya wake sasa. Vita vyote vimepigwa gizani tena kwenye mvua, hujui nani amemng'ata nani, na ninashuku wamefanya hivyo kuficha kazi ya haraka. Kuna mwanasayansi wa kike ambaye kazi yake ni kuangalia kompyuta na kusema linakuja. Kila mtu anaona linakuja! Ndugu wawili wanapatanishwa kwa hotuba ndefu wakati dubwana limesimama pembeni likisubiri wamalize, kana kwamba nalo limealikwa. Hayo yote ningeyasamehe. Mimi hujaza mashimo ya namna hiyo kwa maneno yangu, na watu hawajui kwamba palikuwa na shimo.

Nisilosamehe ni maghorofa. Roboti likichoka linaegemea ghorofa, na ghorofa linaanguka. Dubwana likirushwa linaangukia maghorofa, yanakwisha kama biskuti. Taa zinawaka madirishani, kwa hiyo watu wamo. Hakuna anayelia, hakuna anayekimbia ngazi na mtoto mgongoni, hakuna hata mmoja anayechimbuliwa. Mwishoni wale ndugu wanakumbatiana juu ya kifusi, muziki unapigwa, tunaambiwa wameuokoa mji. Mji upi? Na ngoja nikuambie kilichonichoma kabisa. Kabla ya ghorofa moja kuanguka, kwa kitambo kidogo sana, unaona nguo zimeanikwa kwenye balkoni. Shuka, suruali, nguo za mtoto. Aliyetengeneza ile filamu aliziweka pale mwenyewe. Alijua kwamba kuna mtu amefua asubuhi ile, halafu akaliangusha ghorofa akaendelea na mambo yake. Nilikasirika, Farid. Nimekasirika hata sasa.

Jumapili alasiri tukaionyesha tena, ukumbi umejaa, wengi wao wapangaji wa ghorofa la zambarau kwa kuwa ni jirani. Sisi tunaosimulia filamu tuna mwiko mmoja. Unaweza kutaja soko la mtu, barabara yake, hata timu yake, lakini nyumba anayolala msikilizaji wako huitaji. Watu wanacheka kwa sababu wanajua wakitoka nyumba zao zimesimama. Mwiko huo niliuvunja. Roboti lilipoegemea lile ghorofa lenye nguo, nilisema kwenye maikrofoni, wazi kabisa: "Na nyinyi wa ploti ya zambarau, tokeni! Nguzo ya chini imepasuka, na plasta haishikilii nyumba!"

Wachache walicheka, kisha wakaacha. Phelister wa ghorofa ya juu kabisa, yule mwenye mapacha, aliinuka akatoka bila kuaga. Wengine wakamfuata. Filamu iliendelea kwenye skrini bila watu na bila sauti. Kabla ya magharibi godoro la kwanza lilikuwa limeshuka, na Phelister alikuwa amewapeleka mapacha kwa dada yake mtaa wa Huruma. Wakoli ndiye aliyempigia simu mwenye nyumba.

Mwenye nyumba alikuja Jumatatu. Aliwakusanya wapangaji langoni, akasema kuna msichana wa video anayetafuta umaarufu kwa kutisha watu. Nilikuwa nimesimama pale pale. Watu walimuuliza kuhusu nguzo, akawaambia ule ulikuwa ufa wa plasta tu, si wa zege, na fundi ameshautengeneza. Yalikuwa maneno yako mwenyewe, neno kwa neno. Walipoendelea kunung'unika, alimnyooshea Mama kidole. Akawauliza, kama nguzo ni mbovu, mama mzazi wa fundi angekaa chumba cha chini? Kuna mtoto anayeweza kumlaza mama yake chini ya nyumba inayoanguka?

Unajua pale Mama hawamwiti kwa jina lake, Bi Mgeni. Wanamwita Mama Farid. Basi wote wakamgeukia Mama Farid, wakisubiri aseme. Mama alitazama chini, hakusema ndiyo wala la. Na watu wakatulia. Magodoro yakaanza kupanda ngazi. Jioni Phelister akawarudisha mapacha, akaniambia bila ubaya, "Nuha, usiskie vibaya, lakini Mama Farid akihama ndio nitahama. Yeye ndiye mwenye fundi." Nilitaka kumtikisa, na nilitaka kumtikisa Mama zaidi.

Wewe ukasikia upande wa mwenye nyumba, ukamtuma Zubair. Hukuuliza ufa uko wapi sasa. Basi nikuambie: umerudi, umepita katikati ya plasta yako, na kidole changu kidogo kinaingia. Mlango wa jikoni haufungi tena, unakwama chini, wala hakuna aliyeugusa. Wewe ni fundi, Farid. Mimi ni msimulizi wa filamu, lakini hata mimi najua mlango haukwami kwa sababu ya plasta.

Sasa nitakuambia jambo ambalo Mama alinikataza nisikuambie. Yale maneno hayakuwa yangu. Mimi nilikuwa naogopa mwiko, na naogopa Hirad asinifukuze. Ni Mama aliyenifundisha la kusema. Wiki kadhaa alikuwa akikutumia ujumbe kuhusu mlango, na wewe ukimjibu asiwe na wasiwasi. Alipoona hukubali kusikia, alinijia akasema, wewe una maikrofoni, waambie watu watoke, lakini usimtaje kaka yako. Jumapili ile alikuja ukumbini mwenyewe. Mama yetu, ambaye tangu tuzaliwe anasema filamu ni kazi ya shetani asiye na shughuli, alikaa benchi la mbele na buibui lake, akanitazama hadi nikasema.

Alitaka watu watoke na jina lako libaki safi. Ndiyo sababu alinyamaza langoni. Akisema neno moja tu mbele ya wale watu, amekuita mwongo hadharani, na akibeba godoro lake, amesema hivyo hivyo bila kufungua mdomo. Nimemwambia twende kwangu Jericho leo hii. Nimelia, nimefoka, nimemwambia kuna watoto wa watu humu wanaolala kwa sababu yake. Anasema anajua, na kwamba hilo linamnyima usingizi. Lakini amekupa hadi Ijumaa. Uje usimame pale langoni ulipotajwa, uwaambie wapangaji kwa mdomo wako kwamba ile nguzo uliifunika, hukuitengeneza. Usipokuja, Ijumaa baada ya swala atatoka na godoro lake kwa lango la mbele, mchana, watu wote wakiona, na kila mtu ataelewa. Hataki iwe hivyo. Anataka iwe wewe.

Mimi nimekasirika na mwenye nyumba, na Wakoli, na yule mtu wa filamu na nguo zake za balkoni. Nimekasirika na Mama kwa kukupa hata hizo siku tatu. Lakini zaidi nimekukasirikia wewe, kaka yangu, kwa sababu ulijua. Uliziona zile nondo za chuma ndani ya ufa kwa macho yako kabla hujazifunika. Sitaomba radhi. Ukitaka radhi iombwe, njoo, lango liko wazi na maikrofoni nitakushikia.

Zubair anapanda basi la leo mchana, nimemwomba akukabidhi barua hii mkononi na asiondoke hadi umeimaliza. Hirad anakusalimu. Phelister naye anakusalimu, anasema Mungu akubariki kwa kazi nzuri uliyowafanyia. Nimeandika kama alivyosema.

Mama anakusalimu sana. Naandika nikiwa chumbani kwake, na nimemuuliza kama ana neno la kuongeza. Amefikiri, kisha akasema nikuulize kama huko unapata chakula cha kutosha. Hilo tu. Sasa amesinzia mkekani na tasbihi mkononi, mgongo ameuegemeza kwenye nguzo yako.

Wasalaam,
ni mimi mdogo wako,
Nuha