Mwamvita Kwenye Spika

Jumatatu, 12 Februari

Nimerekodi tangazo jipya. Vitenge vya Ramadhani. Nimejifungia stoo katikati ya marobota, simu karibu na mdomo. Mbele ya watu ulimi unakauka, sitoi hata neno. Humo ndani peke yangu naongea kama redio. Nikatia kwenye memori kadi, kadi kwenye spika, spika juu ya mlango. Siku nzima sauti yangu inapiga kelele barabarani: njoo dada, njoo mama, waksi halisi haichuji. Mimi nimekaa chini yake nakunja vitambaa. Wateja hawajui ni mimi. Sawa tu.

Nadhir, mtoto wa bosi, ananiita Spika. "We Spika, mbona kimya, betri imeisha?" Wasukuma mikokoteni wanacheka. Kila siku utani huohuo.

Ijumaa ya wiki ijayo hitima ya kwao. Kila mwaka kabla ya Ramadhani wanawasomea marehemu wao. Mzee Seif, bosi mwenyewe, anawataja mmoja mmoja kwa jina, watu wanaitikia dua, halafu pilau. Bibi yangu ndiye mpishi. Mama yake alipika hapohapo. Na mama wa mama yake.

Jumanne, 13 Februari

Jioni nimemkuta Bibi mlangoni, hapa Magomeni, anachambua mchele. Anaimba utenzi wake. Nimeusikia tangu nanyonya. Leo nauandika, akiondoka usiondoke naye.

Nilitoka bara mbali
nikifungwa kamba kali
nikauzwa kama mali
jina langu wakafuta.

Nikazaa mwana wangu
rangi yake nusu yangu
wakampokonya kwangu
nami bwana nikamwita.

Wajukuu wa tumboni
wanapita barazani
nami nakaa jikoni
jina langu ni Mwamvita.

Mwamvita ndiye mama wa mama yake Bibi. Katunga mwenyewe, hakujua kuandika. Aliyemnunua ni babu wa babu wa hawa kina Seif, au baba wa babu, nachanganya. Wakampa jina Faida. Akamzalisha mtoto wa kiume. Mtoto akapelekwa ndani, akavishwa kanzu, akalelewa kama Mwarabu, akakatazwa kumwita mama. Huyo mtoto ndiye babu yake Mzee Seif. Baadaye Mwamvita akaolewa na fundi muashi, akazaa binti. Huyo binti ndiye mama yake Bibi.

Tumbo moja. Wao ghorofa, sisi chumba kimoja cha kupanga.

Kwa damu, Mzee Seif ni kama mtoto wa Bibi. Yeye ndiye wa kutoa shikamoo. Hajawahi. Bibi ndiye anainama: "Hujambo bwana." Wazee wote kule wanajua. Hamna anayesema.

Alhamisi, 15 Februari

Siwezi kulala bila kuandika hili.

Bibi kaitwa kwao kuangalia masufuria. Nimembebea kikapu. Wamekaa sebuleni, Mzee Seif, Nadhir, mashemeji wawili wanakunywa kahawa. Bibi kasimama mlangoni. Hakuingia kwenye zulia. Akasema, nina ombi mwaka huu. Mwaka huu naumwaumwa, mwakani sijui. Naomba kwenye kutaja mumtaje na Mwamvita.

"Mwamvita ndiyo nani?" Mzee Seif kauliza. Anajua. Nimemwona jicho, anajua.

"Faida," Bibi akasema.

Nadhir akadakia. "Yule kijakazi? Bibi, tukianza kusoma vijakazi pilau litapoa!"

Wakacheka. Shemeji mmoja kahawa ikampalia. Mzee Seif hakucheka, lakini hakumkemea mwanawe. Kasema tu, nenda jikoni Bibi, kaangalie kama sufuria kubwa halivuji.

"Haya baba," Bibi akasema. Akaenda akaangalia sufuria.

Njia nzima hakuimba. Bibi akitembea huwa anaimba.

Nataka waumie. Si kidogo.

Ijumaa, 16 Februari

Nimekunja vitambaa. Nimemwitikia Nadhir kila alipoita. Ndiyo bosi mdogo. Sawa bosi mdogo. Mchana, wote wamekwenda msikitini, nimebaki kulinda duka. Nikaingia stoo.

Nimerekodi mara moja tu, sikukosea.

Jumamosi, 17 Februari

Nimefanya.

Nimengoja duka lijae. Leo Kariakoo hapapitiki, kila mtu ananunua nguo za Ramadhani na Idi. Saa tano nikabadilisha kadi. Tangazo la vitenge kwanza, halafu utenzi wote, halafu maneno yangu: Faida ni mama wa babu yake Mzee Seif, mwenye duka hili. Jina lake Mwamvita. Bibi yenu ni mmoja na wetu. Halafu inarudi mwanzo, vitenge.

Mzunguko wa kwanza hamna aliyesikia. Watu wamezoea, spika ni kama nzi. Wa pili, msukuma mkokoteni mmoja kasimama. Kaweka mzigo chini. Mama mmoja mwenye kitenge mkononi kauliza, "Huyu anasema nini? Mwenye duka yupi?" Wa tatu barabara imeziba.

Mzee Seif katoka kaunta. Uso umepauka kama karatasi. Nadhir kapanda kwenye stuli anatafuta swichi, haijui, spika siku zote nawasha mimi. Anabonyeza, ndiyo kwanza inapaza. Jina langu ni Mwamvita! Barabara nzima! Yule msukuma mkokoteni akapiga kelele, "Nadhir! Msalimie bibi yako!" Watu wakafa kwa kicheko.

Kang'oa waya. Kashuka kanipiga kofi, jingine. Nimefukuzwa. Mshahara hamna.

Shavu limevimba na nimefurahi. Nimeona jasho la Nadhir. Ningeweza kuliona kila siku. Siombi radhi kwa mtu.

Jumapili, 18 Februari

Bibi ameshajua. Mama Eli wa chumba cha pili, Mchaga, ana duka la vyombo mtaa wa nyuma kule Kariakoo. Kasikia yote, kamhadithia.

Nilidhani Bibi atanikumbatia. Kila siku ananiita mume wangu, mume wangu kaja, mume wangu kala? Leo kaniita kwa jina. Kaniambia nikae chini.

"Ilikuwaje? Sema kama ilivyokuwa."

Nikamwambia. Vitenge, halafu Mwamvita, halafu vitenge.

Halafu kasema, "Yaani waksi halisi haichuji, Mwamvita, njoo mama njoo dada." Kasema polepole, kwa sauti ya dukani. "Umemuuza tena."

Sikuwaza. Nilirekodi vile ninavyorekodi kila siku.

"Ningekuwa nataka aitwe na bati lile la spika ningekuambia zamani," akasema. "Kama una kinywa, mtaje kwa kinywa."

Nimekaa nje hadi giza. Nawachukia vilevile. Sasa na mimi najichukia kidogo.

Jumanne, 20 Februari

Nimezunguka Buguruni kutafuta kibarua. Hamna. Nimerudi kupitia Kariakoo, kofia usoni. Pale dukani spika mpya, sauti ya mtu mwingine, mbovu.

Halafu nimewasikia. Wasukuma mikokoteni wanne, mzigo wa mabati, wanapandisha. Mmoja anaanza, "Nikauzwa kama mali!" Wote, "Jina langu ni Mwamvita!" Wanasukuma. Wamepita mbele ya duka. Nadhir kaingia ndani.

Moyo umeruka. Kumwambia Bibi nimeogopa.

Jumatano, 21 Februari

Mke wa Mzee Seif kaja mwenyewe. Kwa bajaji, buibui jipya. Kwanza kumsema Bibi kwa ajili yangu, mjukuu gani huyu asiye na adabu. Halafu sauti ikashuka. Mpishi hamna. Wageni mia. Aje Bibi, yaishe, na huyo mtu atatajwa.

Bibi kamwambia, "Mkimtaja nitakula pilau lenu. Kupika, hapana. Mkono unauma."

Mkono hauumi. Asubuhi kafua mashuka mawili.

Ijumaa, 23 Februari

Hitima yao imesomwa baada ya swala ya Ijumaa. Saa tisa dada wao wa kazi kaja na hotipoti kubwa. Pilau, nyama juu, kachumbari pembeni. Bibi hakulifunua.

"Wamemtaja?"

Yule dada kaangalia chini. Mtoto wa watu, hana kosa. "Mzee kasema, na wote waliotumikia nyumba hii."

"Kwa jina?"

"Hapana Bibi. Kasema hivyo tu."

Bibi akamshukuru, akamwambia aende, chombo kitaletwa. Akawaita watoto wa uani, wakala pilau lote. Yeye hakuonja. Mimi sikuonja. Halafu kaosha hotipoti, sabuni mara mbili, kaikausha na kanga yake.

Na chungu chake kidogo kilikuwa tayari jikoni. Wali wa nazi. Sikujua kama kapika. Kakunjua mkeka mlangoni. Kaja jirani mwalimu wa madrasa, kaja Mama Eli, kavaa kitenge kichwani, kakaa karibu na kizingiti. Na majirani wengine wawili, jumla watu sita na sisi. Mwalimu kasoma. Ilipofika kutaja, Bibi akaniangalia mimi.

Ulimi umekauka. Wote wananitazama. Nikasema Mwamvita. Sauti imetoka ndogo, imetetemeka. Wakaitikia. Hamna aliyecheka.

Bibi akanipa hotipoti. "Mume wangu, warudishie watu chombo chao."

Bibi hajawahi kurudisha chombo cha mtu kitupu. Hata siku tuliyolala na njaa alitia ndimu mbili. Nilikiangalia, nikamwangalia yeye. Akageuka kukunja mkeka.

Nimekwenda kwa miguu. Mzee Seif yupo barazani na wageni wake. Nimempa mkononi. Kakiona chepesi. Kafunua, kaangalia ndani, kaangalia muda mrefu. Kafunika.

Sikumwamkia. Nimerudi nyumbani, wali wangu ulikuwa umefunikwa.